Sahani ya Mama Mkwe

Mwaliko ulipofika Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Mukashema alifurahi kupita kiasi, lakini si kwa sababu walizodhani watu. Majirani walidhani anafurahia kwenda kula chakula cha watalii hotelini Mbarara. Semahoro, shemeji yake, ambaye tangu kaka yake afariki alijifanya msemaji wa familia katika kila jambo lenye harufu ya nyama, alidhani anafurahia kupata mkwe kutoka Norwe. Kumbe mama wa watu alifurahi kwa sababu kijana mwenyewe alikuwa ameshaharibu hata kabla hajafika.

Kwa watu waliotoka milima ya Itombwe, kule Kivu ya Kusini, mama hali mbele ya mkwe wake. Hali, hanywi, hata punje ya karanga haitafuni mbele yake. Mkwe naye akimkuta mama wa mkewe ana sahani mkononi, hugeuka au hupita mbali. Wageni huona ni kujinyima bure, lakini wenyewe wanajua maana yake. Mpita njia yeyote anaweza kumwona mama akila, naye wala hajali. Anayefichwa mdomo huo ni mmoja tu, yule aliyepewa mtoto. Sasa kijana huyu, Gad, ametuma ujumbe kwa simu kumwalika mama wa msichana anayemtaka, waje wale pamoja, meza moja, ana kwa ana, ili wajuane. Ni kama kumwalika padri kwenye harusi yake mwenyewe.

Gad hakuwa na habari. Alitoka Kongo akiwa mgongoni, akaishi Nakivale mpaka alipofika miaka sita, kisha wazazi wake wakapelekwa Norwe naye akakulia huko, akawa fundi wa lifti katika mji wa Bergen. Baba yake alizikwa huko huko. Eliane, binti wa Mukashema, alikutana naye katika kikundi cha nyimbo za kanisa cha kwenye simu, wakaimba pamoja miaka miwili bila kuonana. Mwaka huu Gad alipata likizo ya wiki tatu. Mbili alizitumia kuizunguka Uganda kama mtalii, na ya tatu aliiweka kwa ajili ya kutafuta mke, jambo ambalo Mukashema alilihesabu kuwa ni kipimo cha heshima walichopewa.

Tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuusema: Mukashema hakutaka Eliane aende. Alizaa wanne. Wawili walibaki ardhini kule Minembwe, wa tatu alikwenda Afrika Kusini akageuka kuwa sauti ya simu, tena sauti ya Jumapili tu. Aliyebaki ni Eliane, mwalimu wa watoto wadogo, anayelala upande wa pili wa pazia na kukoroma kidogo. Mkoromo huo ulimtuliza Mukashema kuliko maombi yoyote. Na hiyo Norwe, kwa jinsi alivyoelezwa, ni nchi ambako jua linaweza kukataa kuchomoza miezi miwili na serikali isiseme kitu.

Lakini kukataa waziwazi hakuweza. Angesemwa Rubondo nzima kwamba amemfungia mtoto riziki. Basi alikwenda kanisani Jumatano akafanya mapatano na Mungu. Bwana, alisema, kama kijana huyu ana adabu ya kwetu, nitamtoa mtoto wangu bila neno, na kama hana, nipe ujasiri wa kukataa. Aliomba pande zote mbili kwa sauti moja, ingawa Mungu si mtu wa kushindwa kujua upande upi umetiwa chumvi.

Halafu alimkataza Eliane asimweleze Gad chochote kuhusu kula. Mtu wa kwetu, alimwambia, hafundishwi hilo kwa simu. Eliane alilia, akasema mama anamtega mwenzake. Mukashema akamjibu kwamba mtego haumdhuru asiyekuwa panya. Eliane akafuta machozi kwa kanga na kumkumbusha kwamba mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, kisha akaenda kuchota maji kisimani bila kuaga.

Jumamosi gari la kukodi liliwafuata mama, binti na Semahoro mapema kuliko walivyoambiwa. Mukashema hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake mchana. Jana jioni ilikuwa wasiwasi, leo asubuhi ikawa haraka. Walipofika mjini walimwacha Eliane mtaa wa Ruharo kwa shangazi yake Olga, kwa kuwa msichana haketi kwenye kikao kinachomzungumzia. Alishuka akiwa ameshika simu kwa mikono miwili, akamtazama mama yake kwa muda mrefu. Wote watatu garini walijua mpango: chakula kikiisha, Grégoire, ami yake Gad, angeuliza kama ukoo wao unaweza kuja Rubondo na ng'ombe wa mahari, wa maneno na wa kweli. Semahoro ndiye angejibu kwa mdomo, lakini kabla ya kujibu angemgeukia Mukashema, na neno lake moja lingetosha kufungua mlango au kuufunga.

Kosa la pili lilikuja kabla mlango wa gari haujafungwa. Gad, kijana mrefu mwenye ndevu zilizochongwa na viatu vya kupandia milima, alishuka ngazi za hoteli mbio akamkumbatia mama mkwe. Alimkumbatia kweli, kifua kwa kifua, na kumpigapiga mgongoni. Nyuma yake Grégoire, mzee wa kuuza maziwa huko Bwizibwera, alifumba macho kama aliyesikia sahani ikianguka jikoni. La tatu lilikuwa picha, akampiga mama mkwe picha akiwa bado anarekebisha kitenge chake. La nne, alimvutia kiti akamketisha mbele yake kabisa, ili, alisema, amwone vizuri akifurahia chakula. Mukashema alikaa akiwa ameinamisha macho kwa adabu, na moyoni akizidi kuchangamka. Kwa mwendo huo, alijiambia, kufika saa nane mtoto wangu atakuwa amerudi nyumbani.

Jambo moja tu lilimsumbua. Gad alimuuliza mhudumu jina lake, akaambiwa ni Anselme, na tangu hapo hakumwita kwa kupiga kidole kama meza nyingine. Halafu Grégoire, ambaye meno ya kulia yalikuwa yameshamuaga, alipoletewa nyama ya mbuzi, Gad alivuta sahani ya mzee, akaikatakata nyama vipande vidogo huku akiendelea kuongea mambo mengine, akairudisha bila kumtazama. Mukashema aliliona hilo. Akaliweka kando, kama mtu anavyoweka kando barua asiyotaka kuisoma.

Chakula chenyewe kilikuwa bufe. Shilingi elfu themanini na tano kwa kichwa, ule usile, na Gad alikuwa ameshalipia vichwa vyote mlangoni. Mukashema alitazama watu waliovaa saa nzuri wakisimama kwenye foleni na sahani mkononi, wakisogea hatua moja moja, wakichungulia kama waliotangulia watawabakizia. Miaka ishirini amepanga foleni ya chakula Nakivale, wala hakujua kwamba kuna watu wanailipia.

Gad, kwa upande wake, alikuwa mtaalamu. Wiki mbili za utalii zilimpa elimu ambayo hakutaka kufa nayo. Aliwaeleza wazee kwamba ukiwa safarini katika nchi ya watu, chakula cha hoteli ni vita kati yako na mwenye hoteli, na wengi hushindwa kwa ujinga. Chai ya asubuhi imo ndani ya bei ya chumba, kwa hiyo mwenye akili huteremka dakika za mwisho kabla hawajafunga, akala mpaka asahau chakula cha mchana. Maji hayanunuliwi mezani. Na kwenye bufe, kosa kubwa ni kuanza na matoke na wali, kwani vimewekwa mbele makusudi ili vikujaze mapema uache nyama. Unaanza na samaki, unafuata mbuzi, na wanga unasubiri mwisho kama kuna nafasi. Semahoro alisikiliza kuliko alivyowahi kusikiliza mahubiri, akainuka kuongeza samaki. Desturi ilikuwa imemwacha yeye huru, naye aliuheshimu sana uhuru huo.

Kila mlo wa safari Gad aliupa nyota kwenye simu, watu wa dunia nzima wasome. Samaki wa Jinja walipata nyota nne. Mayai ya Kampala yaliyokuja baridi yalipata mbili. Kule kwenye mbuga ya wanyama alilipa dola arobaini kwa supu na paja la kuku, akatoa nyota moja na maelezo marefu. Alisema si suala la pesa, ni suala la pesa na thamani yake. Mukashema alisikiliza akiwa ametulia. Naye alikuwa ugenini, miaka ishirini sasa, akila mahindi ya watu. Mwezi mwingine kilo hutosha, mwezi mwingine huja nusu yake, mwezi mwingine huja ujumbe kwamba hakuna. Hakuna aliyewahi kumuuliza anatoa nyota ngapi.

Sahani yake ilikuwa tupu. Gad alipogundua, alidhani mama anaona haya kusimama foleni, akaenda kumpakulia mwenyewe. Alirudi na kilima: sato, mbuzi, viazi, na kando yake kibakuli cha eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli ambao Wanyankore wanaupika kwa siku za heshima. Mukashema ni binti wa wafugaji. Harufu ya samli ile ilimpanda puani ikashuka mpaka magotini. Akasema asante, akaisogeza sahani mbele kidogo, akakunja mikono. Gad akadhani ni kiu. Akaagiza juisi ya pasheni. Juisi ilipobaki imesimama akaagiza chai, na chai ilipoanza kupoa akaagiza kahawa, mpaka mbele ya mama wa watu kukawa na gwaride la vikombe na bilauri, na yeye nyuma yake ametulia kama jemadari anayekagua askari. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Wahenga hawakukutana na Mukashema.

Hatimaye Gad aliweka uma chini. Sauti yake ilikuwa imepungua. Alimuuliza kama chakula ni kibaya, au kama yeye mwenyewe ndiye mbaya.

Hapo Grégoire alishindwa kuvumilia. Alimwinamia kijana wake, lakini alisema kwa sauti ya watu wote kusikia.

“Gad, mama mukwe hakulake mbele ya mukwe. Ulimuita hapa kumuazabisha. Ni vile, na ni vile tangu zamani.”

Gad alitazama wazee mmoja mmoja, akatazama kilima cha samaki. Kisha akacheka, cheko la mtu aliyeona tatizo ni dogo kuliko alivyoogopa.

“Ni hiyo tu? Tonton, sisi ni bantu ba leo. Kule Norwe mama mukwe anakulaka na mukwe yake, anaosha na vyombo na yeye. Mama, mi sina hiyo mambo. Kula. Nimelipa tayari, hawarudishake pesa.”

Grégoire alisema mwacha mila ni mtumwa. Gad akasema kwa heshima kwamba hakuna mila iliyo na thamani ya kumfanya mama mzima akae na njaa mbele ya chakula. Semahoro, mdomo ukiwa na mbuzi, alitoa rai kwamba Mungu anatazama moyo, hivyo shemeji ale tu, na kama hataki, basi samaki yule asiharibike. Gad alimtazama Mukashema, akaongea naye kama anayembembeleza mtoto kunywa dawa.

“Kijiko moja tu, Mama. Ndiyo nitajua umenikubali.”

Mukashema nusura acheke. Angekula kijiko kile kimoja, Grégoire angejua papo hapo kwamba kijana amekataliwa, maana mama hafungui mdomo wake mbele ya mtu aliyemkubali. Angekaa na njaa yake, kijana angejiona amekataliwa. Kwenye meza moja, kijiko kile kile kilikuwa ndiyo upande huu na hapana upande ule, na watu wote walikuwa wanakitazama. Lakini zaidi ya hayo aliona kwamba maombi yake yamejibiwa. Huyu ameelezwa desturi na mzee wake, mchana kweupe, akaicheka. Hakuna mtu Rubondo ambaye angemlaumu mama kwa kukataa sasa. Hata kanisani wangemsifu.

Akainuka, akasema anatafuta choo. Alitaka kupanga maneno yake vizuri kabla ya kuyasema, kwa kuwa neno la kumrudisha mtoto nyumbani halitupwi kama maji ya kuoshea vyombo.

Anselme alimwonyesha korido, naye akapita mlango wa kwanza bila kuuona, akapita wa pili, na huko mwisho akakutana na harufu aliyoifahamu kuliko jina lake. Maharage. Maharage yaliyokaa motoni muda mrefu, yenye kitunguu kidogo na chumvi ya kutosha. Mlango wa nyuma ulifunguka kwenye ua wa jikoni, na hapo wafanyakazi wa hoteli walikuwa wamekaa juu ya kreti za soda zilizopinduliwa, kila mmoja na sahani ya plastiki ya posho, ndio ugali wa huku, na maharage. Wale wanaopika bufe hawali bufe. Mwanamke mnene mwenye aproni, Kobusingye, alikuwa anapakua kutoka sufuria kubwa kuliko beseni.

“Nyabo, wewe ni mama ya bufe. Hapa nafanya nini?”

Mukashema alisema choo. Kobusingye alimtazama usoni, akamtazama tena.

“Choo nyuma yako. Lakini wewe si choo natafuta. Wewe nasikia njaa. Kaa hapa, kula na sisi.”

Akakaa. Kreti ilikuwa ngumu, na jua lilikuwa linampiga kisogoni. Akapewa posho ngumu iliyokatwa kwa upawa na maharage yaliyomiminwa juu yake, akanawa, akafinyanga tonge la kwanza kwa vidole vitatu. Utamu wake siwezi kuuandika. Chakula hiki hiki alikuwa amekila Nakivale siku nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, akikinung'unikia, na leo kilimshukia kama habari njema. Ndani, kiti cha elfu themanini na tano kilikuwa kimekaa chenyewe kikikabili sato na eshabwe. Nje, mwenye kiti alikuwa anakula bure pamoja na waosha sufuria, na hakuwahi kuketi katika karamu nzuri kama ile.

Kila tonge lilikuja na neno lake. Atasema hivi: Semahoro, mwambie Mzee Grégoire kwamba tumeshukuru kwa safari na kwa chakula. Tonge. Mwambie kijana wake ni mtu mwema. Tonge. Lakini mtu mwema na mkwe si kitu kimoja, na mtoto wetu hatumtoi kwa mtu aliyecheka kilichotulea. Hapo angenyamaza. Ni maneno mazuri, hayana matusi, na wangewahi kumpitia Eliane Ruharo kabla ya saa kumi. Eliane angelia, bila shaka. Angelia wiki moja, labda mbili, upande wa pili wa pazia. Mukashema alifinyanga tonge kubwa kuliko yote akalitia mdomoni lote.

“Mama, nimekuletea...”

Gad alikuwa amesimama mlangoni. Ameshika sahani iliyofunikwa kwa kitambaa cha mezani, aliyoipitisha chini ya koti maana hoteli hairuhusu bufe kutoka nje ya ukumbi. Alikuwa amefikiri, kama alivyokuja kueleza baadaye, kwamba labda mama haoni raha na uma na kisu, na kwamba pembeni peke yake angekula kwa mkono. Hakumaliza sentensi. Alimwona mama mkwe wake juu ya kreti, shavu limevimba, vidole vina mchuzi, mkono umesimama njiani kati ya sahani na mdomo.

Aibu ilimshika Mukashema mwili mzima. Hakuitegemea. Alikuwa ameshaamua kwamba kijana huyu si kitu kwake, na mbele ya mtu asiye kitu kwako unatafuna tu, unameza, unaongeza. Lakini tonge lilibaki shavuni. Hakuweza kumeza, hakuweza kutema. Akainua kiganja kuficha mdomo na macho yakamjaa maji, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama kijana usoni, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kutazama.

Gad aliona uso ule. Akafungua mdomo kusema kitu, pengine moja ya zile hoja zake za watu wa leo, kisha akaufunga. Akageuka. Akampa mgongo kabisa, sahani yake bado mkononi, pua yake ikikaribia kugusa ukuta ambako mafagio yaliegemezwa. Wafanyakazi waliacha kula. Mwosha sufuria mmoja alianza kucheka, Kobusingye akamnyamazisha kwa upawa.

Gad alipoongea, aliongea na ukuta, polepole.

“Mama, papa yangu alikuwa anasimamaka hivi. Kule Nakivale, nyuma ya nyumba ya koko, mama ya mama yangu. Anaangalia ukuta mpaka koko anamaliza kula. Mi nilikuwa mutoto. Nilikuwa nawaza banamupatia azabu.”

Akainamisha kichwa, bado ameelekea ukutani.

“Hakuna mutu alinielezaka. Nilikuwa namuonea huruma.”

Mukashema alimeza. Posho ile ilishuka kama jiwe, kisha ikafika. Alimtazama mgongo kijana huyu, shati lililolowa jasho katikati ya mabega, viatu vya milima vilivyokutanishwa visigino kama vya mwanafunzi. Alijaribu kuyakumbuka makosa yake. Mwaliko, kumbatio, picha, kiti, kicheko. Aliyahesabu yote matano, nayo yalikuwepo, ila hakuna lililokuwa na uzito. Badala yake, ile barua aliyoiweka kando mezani, ya nyama ya mzee iliyokatwakatwa, ilijifungua yenyewe, na kusoma alijua.

Kobusingye alimsogelea, akauliza kwa kunong'ona kama anaulizia mgonjwa.

“Nyabo, huyu nani? Kwa ukuta nafanya nini?”

“Ni mukwe yangu,” Mukashema alisema.

Lilitoka kabla hajalipa ruhusa. Alilisikia kwa masikio yake, wafanyakazi wakalisikia, na mgongo pale ukutani ukalisikia pia, kwa kuwa mabega yalishuka kidogo, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Wala hakugeuka. Mshenzi yeyote angegeuka wakati ule, kwa furaha tu, naye angesamehewa kwa nusu. Huyu alibaki anatazama mafagio.

Basi ndivyo Mungu anavyofanya biashara. Mukashema alikuwa ameomba ishara, akaomba kwa sauti sawa pande zote mbili, na sasa ishara imesimama mbele yake na sahani ya samaki inayopoa. Mapatano ni mapatano. Wakirudi ukumbini, Grégoire atauliza, Semahoro atamgeukia, naye hatakuwa na lolote la kusema ila lile alilokwisha kulisema hapa nyuma, mbele ya mashahidi wenye aproni. Watampitia Eliane kule Ruharo, naye atajua kwa kuwatazama tu, na atacheka, na katika kucheka kwake atakuwa ameshaanza kwenda. Kwa mara ya kwanza Mukashema aliliwaza pazia la nyumbani bila sauti nyuma yake. Uchungu ulimpata, wa kweli, palepale ambapo njaa ilikuwa imekaa asubuhi yote.

Alikula. Tonge dogo, halafu dogo zaidi. Alitafuna kila moja kama mtu anayetafuta kijiwe ndani yake. Wafanyakazi walimaliza, wakasuuza sahani zao, wakarudi ndani mmoja mmoja wakimpita kijana pembeni kwa adabu, hata yule aliyecheka. Jua likasogea kwenye kreti nyingine. Kutoka ukumbini ilisikika sauti ya Semahoro akiulizia keki. Kobusingye alileta maji ya kunawa kwenye bakuli, akayaweka chini, akaenda zake.

Gad alihamisha sahani kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Kisha, macho yake yakiwa ukutani, aliuliza kwa upole kama Mama amemaliza.

Mukashema alitazama chini. Sahani ya plastiki ilikuwa tupu, hata mchuzi alikuwa ameshaufuta kwa kidole, na mdomoni hamkuwa na kitu.

“Bado,” alisema.